Kuta Zisizofika Juu

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki ya watoto, dada mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza, "Wa kwako alipona vipi?" Mwanawe alikuwa amemlalia kifuani, mbavu zikipanda na kushuka kama za kuku aliyetoka kukimbizwa. Nilifungua mdomo kumjibu, mara jina la binti yangu likaitwa, tukaingia ndani. Nilipotoka hakuwepo tena. Haya ninayoandika ndiyo ningemwambia.

Ningeanza kwa kumwambia kwamba wangu hajapona, kwa kupona kule tunakokujua kwa malaria, kwamba ukimaliza dozi yamekwisha. Pumu bado anayo. Ila sasa anakwenda shule, anaruka kamba, anagombana na wenzake kwa sauti kubwa. Kuna wakati hakuwa na pumzi hata ya kugombana.

Mimi ni Mama Kulwa. Msukuma akilisikia jina hilo anajua mara moja kwamba nilizaa mapacha. Kulwa alitangulia, Doto akafuata, wote wasichana, wamefanana mpaka kucha. Nilizaliwa Maganzo, kwenye almasi, na mume wangu, Masanja, anatoka kijiji kimoja cha Shinyanga. Dhahabu ndiyo iliyotuleta upande huu wa Geita. Yeye anashuka duarani, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, na mimi nauza chai na chapati kwenye kibanda kilicho karibu na mashine za kusaga mawe.

Watoto walipoanza kutembea, mimi nilielemewa. Mmoja anakimbilia jiko, mwingine anakimbilia barabara, na wateja wanadai chai. Dada yake Masanja, Mama Grace, anayekaa Shinyanga mjini, alikuja kutusalimia akaona ninavyohangaika. "Wifi," akasema, "nipe mmoja nikupunguzie." Kwetu mtoto kulelewa na shangazi yake si jambo geni. Tukampa Doto kwa sababu ndiye ambaye hakulia alipobebwa. Hakukuwa na sababu nyingine. Nalisema hili mapema kwa kuwa baadaye watu walipenda kuniambia kwamba Kulwa alizaliwa dhaifu. Hapana. Walizaliwa na uzito mmoja, wakanyonya ziwa moja, na siku wanaagana pale stendi, Kulwa ndiye aliyekuwa mnene zaidi.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja kwenye nyumba ndefu yenye vyumba vinavyotazamana, korido katikati. Nyumba za machimboni hujengwa haraka. Kuta za kugawa vyumba ziliishia pale mtu mrefu anapoweza kufika akinyoosha mkono, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Dari hakuna. Jirani akikaanga dagaa wa Nkome, nyumba nzima tunajua. Akimsema mkewe, tunajua. Na akiwasha sigara, moshi unapanda, unatambaa chini ya bati, halafu unashuka kwenye kila kitanda. Ukuta wetu wa nyuma tuliuchangia na grosari ya pombe, na huko watu walivuta tangu jua likiwa juu.

Masanja naye alikuwa anavuta. Mtu akitoka duarani hutaka sigara kabla hajataka chakula. Kibandani kwangu ilikuwa hivyohivyo, kikombe cha chai mkono huu, sigara mkono ule. Kulwa alikaa kwenye gunia chini ya meza yangu, maana hapo ndipo nilipoweza kumwona. Hakuna aliyeona kuna tatizo, na kusema kweli sijui ningemweka wapi pengine.

Kifua kilianza mwaka ambao mvua ya kwanza ilichelewa na vumbi likakaa hadi tukalizoea. Alikohoa wiki, akatulia, akakohoa tena. Zahanati walisema nimonia, wakampa dawa ya maji. Akapata nafuu. Mwezi uliofuata, nimonia tena. Nilifika mahali nikawa naijua kila dawa kwa rangi yake, ile ya waridi, ile nyeupe ya kuchanganya na maji, ile ya njano anayoitapika. Mtoto alianza kubadilika mwili. Mabega yalipanda juu kama ya mtu anayesikia baridi. Shingo ikawa nyembamba, na pale chini ya koo pakatokea kishimo kinachozama kila anapovuta pumzi. Aliacha kukimbia. Wenzake wakicheza, yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuwahesabia.

Mama mkwe alipopata habari alipiga simu. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "huyo ana kilimi kooni. Kikikatwa, kikohozi kinakwisha. Baba yake mwenyewe alikatwa akiwa mdogo kuliko huyo. Mzee wa kukata yupo hapahapa kijijini, mleteni."

Masanja alikubali kabla simu haijakatwa. Nikamwambia, "Baba Kulwa, mtoto hana pumzi, na wewe unataka tumtie wembe kooni?"

"Mimi nilikatwa na ni mzima."

"Wewe ulikuwa unakohoa. Huyu anazama."

Safari ya kijijini ikaishia hapo. Mama mkwe alininunia hadi watu walipovuna. Mwenzangu unayesoma, ukiambiwa habari ya kilimi, waache watu wanune. Watakuja kukunjua nyuso wenyewe.

Siku iliyotufumbua macho ilikuwa asubuhi ya kiangazi, upepo ukivuma kutoka kwenye marundo ya mchanga. Niliacha chapati kwenye moto niliposikia Kulwa ananivuta gauni bila kusema kitu. Nilimtazama. Midomo ilikuwa imeiva zambarau, macho yamemtoka, na tumbo linaingia ndani pale ambapo lingepaswa kutoka. Alitaka kuniita "mama" akaishia "ma". Mteja mmoja alikimbia kuita bodaboda. Nilipanda nyuma nikimkumbatia mbele yangu, na njia yote kwenda hospitali nilikuwa nampulizia usoni, kama vile ningeweza kumgawia pumzi yangu.

Walimwekea mashine ya mvuke, kikombe cha plastiki kikimfunika pua na mdomo, moshi mweupe wa dawa ukitoka pembeni. Nakumbuka nilistaajabu kwamba kuna moshi unaoponya. Baada ya muda mabega yakashuka kidogo, halafu kidogo tena. Muuguzi aliyekuwa naye akaniambia, "Kaa chini mama, umesimama muda mrefu." Sikuwa nimejua.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine ananizidi miaka michache tu. Alisikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza maswali, akasema neno pumu. Kisha akauliza, "Nyumbani nani anavuta sigara?"

Masanja alikuwa amefika moja kwa moja kutoka duarani, matope yamekaukia kwenye magoti. "Mimi," akasema. "Lakini navutia korido."

"Mtoto asikae kwenye moshi kabisa. Wa sigara, wa kuni, wowote."

"Na moshi wa jirani, dokta?" nikamuuliza. Nikamweleza kuta zetu zilivyo. Aliweka kalamu mezani na kunisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sikulizoea.

"Mama, sina dawa ya ukuta," akasema. "Ningekuwa nayo ningekuandikia."

Halafu akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa tundu kwenye kitako, akachomeka ile dawa ya kubonyeza ambayo wengi wanaiita inhela. Alimwonyesha Kulwa namna ya kuweka mdomo kwenye chupa na kuvuta polepole, maana mtoto mdogo hawezi kuwahi dawa ikibonyezwa peke yake. Chupa ile tuliitunza kama chombo cha dhahabu. Kama mwanao ana umri wa wangu, waombe wakuonyeshe.

Tulilazwa. Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mwenye baibui safi, na mwanawe mwenye pumu kama wa kwetu. Alikuwa mtu mzuri, kila ndugu zake wakileta uji alitumiminia na sisi. Siku ya kuruhusiwa daktari alirudia maneno yaleyale kwetu sote wawili, tukiwa tumekaa benchi moja. Tulipobaki wenyewe, yule mama akasema, "Baba yake anavuta, ila huwa anatoka hadi getini. Nitamwambia aache kabisa. Na mazulia nitayatoa."

Nilisema, "Utafanya vizuri, dada." Njiani nikawa najiuliza mimi nitatoa nini. Zulia sina, na geti sina.

Masanja alianza siku hiyohiyo. Kwanza aliacha kuvutia korido, akawa anavutia njia ya machimboni. Halafu akasikia kwamba moshi unabaki kwenye nguo, akawa anavua shati mlangoni na kujimwagia maji kabla ya kumbeba mtoto. Nilimwona mtu mzima amesimama uani kifua wazi, anamsubiri binti yake amalize kulala ndipo aingie kuchukua shati safi. Alitafuna tangawizi, akatafuna karanga mbichi hadi tumbo likamkataa. Akawa mkali. Chumvi ikizidi ni ugomvi, nikikawia dukani ni ugomvi. Siku moja akapiga ndoo teke.

"Kila mtu hapa anavuta na watoto wao wazima!" akafoka. "Kwa nini wa kwangu?"

"Hujui kama ni wazima," nikamwambia. "Unajua tu kwamba hawajapelekwa hospitali."

Ukweli ni kwamba, tangu nimejua cha kusikiliza, nilikuwa nakisikia kikohozi kilekile vyumba vingine. Kwenye benchi la zahanati nilianza kuwatambua. Sisi wa machimboni tulijaza upande mmoja, na karibu wote tulikuwa tumepewa ile dawa ya maji ya waridi. Watoto wa wanunuzi wa dhahabu wanaugua pia, lakini sikuwaona wakirudirudi kama sisi.

Basi sigara ya baba ikapungua, na kifua hakikutulia. Chumba cha pili aliishi Mzee Rama, mtu wa Kigoma, aliyeshinda ujana wake amesimama kwenye maji mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, hadi miguu ikaharibika. Alikuwa anasokota tumbaku ya majani na kuivutia kitandani kwake. Kulwa alimpenda kwa sababu alimwekea vipande vya mkate. Asubuhi moja nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mjukuu ameamkaje?"

"Ameamka, ila kifua bado. Mzee, nimekuja na ombi. Dokta anasema moshi ndio unaomuumiza."

"Moshi wa nini? Wa kuni?"

"Wa kuni, na wa tumbaku. Huu wako unapita hapo juu unatufikia."

Aliinua macho akaitazama ile nafasi chini ya bati. "Nimelea watoto kwa tumbaku hii," akasema. "Hakuna aliyekufa kifua. Na chumba hiki ninalipa kama mnavyolipa nyinyi. Unataka nikavutie wapi? Miguu hii si unaiona?"

"Sikuja kukugombeza, mzee. Nimekuja kuomba."

"Umeomba. Nimesikia."

Nikaondoka nimejaa aibu, maana hakuwa amesema uongo. Mwenye grosari alikuwa mbaya zaidi, alicheka. "Wateja wangu nikawaambie wakavutie mawinguni?" akaniuliza, na watu wake wakacheka naye.

Kabla mvua hazijaanza Kulwa alibanwa tena, mchana, nikiwa nimemlaza. Nilimwekea chupa mdomoni nikimhimiza avute. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya Mzee Rama.

"Mama Kulwa, mbona unamwacha mtoto analia hivyo?"

"Halii, mzee," nikamjibu. "Anavuta pumzi."

Baadaye kidogo nikasikia fimbo yake koridoni, na kigoda kikiburutwa kwenda uani. Tangu siku ile alivutia uani. Mvua ikinyesha alirudi ndani, na mimi sikumwambia neno. Mzee wa miguu ile ungemwacha anyeshewe?

Likizo ya katikati ya mwaka uliofuata, Mama Grace alimleta Doto atusalimie. Mapacha walikumbatiana, wakatazamana, wakaanza kucheka bila kuambiana kitu. Lakini sisi wakubwa tuliona tofauti. Doto alikuwa amempita mwenzake kichwa kizima. Miguu ilikuwa na nyama. Alizungumza mfululizo, sentensi nzima bila kukatika, na nilijikuta namsikiliza zile pumzi zake kuliko maneno.

Mama Grace alilala gesti, Doto akalala kwetu na ndugu yake. Hazikupita siku nyingi, asubuhi nikiwa nakanda unga, nikasikia kikohozi ndani. Nikaingia na dawa ya Kulwa mkononi. Kulwa alikuwa amekaa kitako ananitazama. Aliyekuwa anakohoa ni Doto.

Mama Grace alipofika alisimama mlangoni akasikiliza. "Wifi, unamsikia?"

"Namsikia."

"Kwangu hajakohoa tangu mwaka jana. Wifi, nipe wote wawili."

Sijui hasira ile ilitoka wapi. "Watoto si mbuzi wa kugawana, wifi. Mmoja ulishachukua. Tayari anakuita mama."

"Sijasema ni mbuzi."

"Kwako kuna upendo kuliko kwangu?"

"Hapana," akasema, na hakupandisha sauti. "Kwangu kuna dari. Mume wangu anavuta kuliko Masanja, nakuambia ukweli. Lakini anavutia barazani, mlango umefungwa, na watoto wana chumba chao nyuma. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ajili ya Doto. Ni nyumba tu ilivyokaa."

Masanja alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Akasema bila kugeuka, "Ampeleke."

Sikumsemesha mume wangu siku ile. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilikwenda kibandani, nikarudi. Jioni jua likiwa bado lipo nilikaa uani nikawatazama wasichana wangu wanacheza rede, mmoja anakwepa mpira, mwingine amesimama katikati kwa kuwa hawezi kukwepa, na wote wawili wanakohoa. Hapo ndipo nilipoamua. Watu walidhani Mama Grace alinishinda. Aliyenishinda ni Doto, kwa kile kikohozi.

Nilimpeleka Kulwa mimi mwenyewe hadi Shinyanga. Asubuhi ya kurudi, Kulwa alishika ncha ya kanga yangu. "Mama, mimi nimekosa nini?" akaniuliza.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Unakuja kupumua."

"Na wewe unapumua wapi?"

Nikamwachia ile kanga.

Wengi hawatakuambia jinsi chumba kinavyokuwa mtoto mgonjwa akiondoka. Nilikuwa nainuka kumtazama, kitanda kitupu. Wateja waliniita nisisikie. Mimi na Masanja tulikaa kama wageni wawili waliokutana gesti. Kila jioni tulipiga simu, na Kulwa alituambia habari za shule na paka wa shangazi, na mimi nilisikiliza kati ya maneno. Mwanzoni alikuwa anakatika. Pamba ilipokuwa inachumwa, alisimulia hadithi ya paka mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Masanja alikuwa ameweka sikio karibu na langu. Alichukua simu, akasema, "Rudia hiyo ya paka." Akarudia. Baada ya hapo alitoka nje, na sigara zilizobaki alizitumbukiza chooni. Amewahi kuteleza mara kadhaa tangu wakati huo, na kila mara huniambia mwenyewe.

Nilikwenda kumwona mahindi yakiwa mabichi. Basi liliposimama Kagongwa nilinunua mchele wa kumpelekea wifi, nikaupakata hadi tunafika. Kulwa alitoka getini mbio. Nilitaka kumpigia kelele asikimbie. Alinifikia, akanirukia, akasema sentensi ndefu yote kwa pamoja. Mama Grace alisimama barazani analia, na mimi nikalia, na siku hiyo tulipatana bila kuombana radhi.

Niliporudi na kukaa na Masanja, hatukuzungumza tena habari ya dawa. Tulizungumza habari ya mahali. Tulitafuta miezi kadhaa. Mwishowe tukapata vyumba viwili kwa mkulima mmoja wa Kisukuma, nje kabisa ya machimbo, nyumba ya tofali za kuchoma iliyosimama peke yake, madirisha pande mbili, jiko liko kando. Kila asubuhi naamkiana na mama mwenye nyumba, "Mwangaluka," naanza safari ya miguu kwenda kibandani. Masanja anatembea zaidi yangu. Kuna siku za mvua tunafika tumelowa kama samaki, na wenzetu wanatucheka kwamba tumehamia porini kwa sababu ya kikohozi.

Kibandani niliweka benchi moja mbali, chini ya turubai lake, kwa wavutaji. Wengine walinihama wakaenda kwa jirani yangu, ambako mtu anakunywa na kuvuta papo hapo. Sikuwalaumu. Wengine walibaki, na wamo waliosema polepole wakati wa kuagiza chai, "Mama Kulwa, wa kwangu naye anakohoa."

Jambo ambalo bado linanisumbua ni hili. Siku tuliyohama, tulikuwa bado tunafunga godoro wakati wapangaji wapya walipofika. Binti mdogo, ametoka Kahama, mtoto mchanga mgongoni, mume amepata kazi duarani. Nilimwita pembeni nikamweleza kila kitu, kuta, grosari, moshi, mwanangu. Alinisikiliza kwa adabu, akitazama juu pale nilipomwonyesha.

"Asante, dada," akasema. "Lakini tutakwenda wapi?"

Nilimwachia kipande cha turubai azibe pale juu, upande wa grosari. Mzee Rama akamwambia, "Mimi navutia uani, binti yangu, usihofu." Nikaondoka. Sisi tulikuwa na wifi mwenye nyumba yenye dari, tukapata muda wa kutafuta mahali mtoto akiwa salama. Bila yeye ningekuwa na maneno ya daktari tu. Kwa hiyo mwenzangu, ukiambiwa umwepushe mtoto na moshi na ukarudi nyumbani ukakuta moshi ndiyo nyumba yenyewe, usidhani umezembea. Omba. Waombe jirani, ombeni pamoja kwa mwenye nyumba aongeze safu chache za tofali juu ya kuta, mpeleke mtoto kwa ndugu hata kwa msimu mmoja. Anza na salamu, usianze na lawama. Na usiondoke hospitalini bila kuuliza habari ya ile chupa.

Kulwa alirudi kwetu mvua za kwanza zilipotuliza vumbi. Doto amebaki Shinyanga kwa hiari yake, shule yake iko huko, na likizo zote anakuja. Nimekubali kwamba ana mama wawili. Kulwa bado anabanwa, hasa kiangazi kikizidi, na bado tunakwenda kliniki.

Likizo hii walicheza tangu asubuhi, na baada ya chakula wakajitupa kwenye mkeka karibu na dirisha, wamejifunika kanga moja mpaka kichwani kwa ajili ya nzi. Nilikuwa nachambua mchele. Kidogo kidogo nikagundua kwamba kumekuwa kimya. Nikaacha ungo, nikasikiliza. Hakuna filimbi, hakuna kukwaruza, hakuna kitu. Miaka yote ile nilijua Kulwa yu hai kwa mlio wa kifua chake, na sasa sikusikia mlio wowote. Nikaenda mbio, nikapiga magoti, nikamtikisa aliyekuwa upande wangu.

"Kulwa! Kulwa, mwanangu!"

Kanga ikafunuka, uso ukatokea, macho mazito ya usingizi.

"Mama," akasema, "mimi Doto. Kulwa ni huyu, amelala. Ananipumulia shingoni."